Naota Nimeshaanika Dagaa, Nikiamka Jua Limepanda

Mama Elinipa mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mbalamwezi hii haijaisha, na ukinisoma usinicheke, maana wa kunicheka ninao wa kutosha hapa Ilagala.

Naitwa Dunia, nina miaka thelathini na mbili, kazi yangu ni kuanika dagaa, nimeirithi kwa mama na yeye aliirithi kwa mama yake, na shida yangu naona haya hata kuiandika kwa sababu watu wanakuletea mambo ya ndoa na magonjwa na mimi nakuletea usingizi. Usiku nalala kama watu wengine. Kinachonimaliza ni ule usingizi wa alfajiri, mtamu, unaokuja wakati mitumbwi inarudi, huo ukinishika nimekwisha, mwadhini ataadhini mpaka amalize, atakumbusha kwamba swala ni bora kuliko usingizi, jogoo wa jirani atawika mpaka sauti ikauke, mimi niko huko niliko.

Kazi yetu haina subira. Wavuvi wanatoka siku za giza na taa zao, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika kwa sababu dagaa hawafuati taa, na wakirudi alfajiri sisi wanawake wa kikundi tunapokea dagaa kwa pamoja, tunagawana kwa makarai, kila mmoja anaanika kwenye chanja yake kabla jua halijachomoza. Dagaa akikutwa na jua bado yuko kwenye lundo tumbo linapasuka, na hapo hana mnunuzi ila mwenye kuku. Kwa hiyo mmoja akilala, hasara inakuwa ya wote.

Chanja yangu ni ya mama. Aliijenga mwenyewe, miti akachimbia mwenyewe, wavu akaukaza mwenyewe, na kwenye kona inayotazama ziwa alifunga kipande cha kanga yake nyekundu, akasema ni ili niijue hata nikifika na tongotongo machoni. Mama alifariki miezi minane iliyopita. Tulimzika Ijumaa, na Jumatatu nilikuwa kwenye chanja kwa sababu lilikuwa giza na dagaa walikuwa wengi, watu wakanisifu kwamba mimi ni mwanamke jasiri. Mpaka miezi mitatu iliyopita nilikuwa naamka vizuri tu. Halafu ndoto ikaanza.

Naota nimeamka, Mama Elinipa, hiyo ndiyo hila yake. Naota natoka kitandani, nachukua karai, natembea mpaka ufukweni na mchanga ni baridi, na ziwa limetulia halina hata mkunjo, na ng'ambo milima ya Kongo inaonekana karibu kama ya kijiji cha pili, na mama yuko pale kwenye chanja anawatandaza dagaa kwa viganja vyake viwili, taratibu, hageuki, anasema tu Dunia shika upande ule, na mimi nashika upande ule. Tunaanika. Wala jua halitoki, mwanga unabaki vilevile, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, tunaanika karai baada ya karai na mikono haichoki. Mama haniambii jambo lolote kubwa, ataniambia yule dagaa amepinda mnyooshe, ataniambia mwaka huu mihogo itakubali. Tukimaliza anakwenda kunawa ziwani, na akirudi ananigusa unyayo kwa mkono wenye maji, baridi kabisa, anasema "Mwakeye." Ndivyo alivyokuwa ananiamsha tangu utoto wangu, hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja, mkono wa maji kwenye unyayo na salamu yetu ya Kiha ya asubuhi, basi. Lakini huko ndotoni akinigusa mimi simalizi usingizi, nauzidisha, najikunja, nasema moyoni kazi imekwisha, dagaa wako juu, nipumzike sasa. Nikifumbua macho jua liko dirishani na chanja ni tupu.

Giza lililopita ilinitokea asubuhi tano. Siku ya tano mwenyekiti wetu, Mama Winfrida, alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu akiwa na magamba mpaka kwenye viwiko, akaniambia, "Dunia, mama yako nilimpenda kuliko ndugu zangu, lakini dagaa hawana msiba. Giza linalokuja ukichelewa siku moja, moja tu, chanja hiyo namkabidhi binti wa Pastory, na kile kitambaa nitakufungulia uende nacho nyumbani." Zimebaki kama siku nane wavuvi warudi majini.

Nimejaribu yote. Simu nimeitegesha kengele, huko ndotoni inageuka injini ya mtumbwi unaoingia na mimi nafurahi kwamba dagaa wamefika. Nikaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili ipige kelele, nikaota harusi. Nikanywa maji mengi ili haja iniamshe, nikaota naogelea, na yaliyofuata usiniulize. Shemeji yangu Nasri anasema shetani ananikojolea masikioni. Wengine wanataka nipelekwe kwa mganga nikatolewe jini la ziwani.

Lakini Mama Elinipa, hili si jini, na nitakuambia ninavyojua. Nikiamka nakuta shuka limelowa pale miguuni. Kweli kabisa, maji, nimeyashika kwa mkono wangu. Na jirani yangu Agnesi, ambaye tumetenganishwa na ukuta wa matofali mabichi tu, anasema asubuhi ananisikia namjibu mtu, "Nimeshaanika, nimeshaanika." Basi namjibu nani kama si marehemu? Mama yangu anakuja, na sina wa kumweleza akaniamini. Nyumbani niko na binti yangu Anifa tu, baba yake alivuka kwenda Kalemie, ng'ambo Kongo, akaoa hukohuko. Anifa ana miaka tisa, Mungu kanijalia mtoto asiye na taabu, zamani alikuwa analala na bibi yake na sasa analala peke yake bila kulalamika, anaamka mwenyewe, ananawa mwenyewe, anakwenda shule bila hata kuniamsha.

Nikuungamie la mwisho. Sina hakika kama nataka kuamka. Chanja naitaka kwa sababu ni ya mama, na usingizi nautaka kwa sababu ndani yake yuko mama mwenyewe, na nikishika kimoja kingine kinaniponyoka. Nifanyeje, Mama Elinipa? Nitaamkaje bila kumwacha pale ufukweni peke yake?

Dunia, Ilagala.

*

Dunia mwanangu, marahaba. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine ili ikukute kabla ya giza, wenye barua zao watanisamehe. Sijakucheka. Nilipofika kwenye sufuria na harusi nilijizuia, nikashindwa kidogo.

Pole kwa mama. Naisema mimi kwa sababu kwenye barua yako yote sijaona mahali wewe ulipojiambia. Ijumaa kaburini, Jumatatu kwenye chanja, watu wakakuita jasiri, na wewe ukaliamini jina hilo. Ulilia lini, Dunia? Wanasema mficha uchi hazai, na mficha msiba naye ndiyo huyu, ameubeba miezi mitano umemshinda, sasa anaupeleka kitandani kila alfajiri ambako hakuna anayemwona. Huna jini wala shetani hajakukojolea popote, mwambie shemeji Nasri atafute kazi nyingine. Una huzuni, na umeipa saa mbaya.

Sasa nikukaripie, na ukae vizuri.

Mimi ni mtu wa Upareni. Nililetwa Kigoma na barua ya uhamisho nikiwa mwalimu kijana, nikala migebuka, samaki wa ziwa hili, nikakataa kuondoka, na nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita. Mtoto anayejiamsha mwenyewe mimi namjua akiwa bado getini. Uso umenawa, shingo kavu. Soksi moja imegeuzwa. Anakuambia amekunywa chai, na tumbo lake linakuambia vingine. Hana taabu, ndiyo, kwa sababu taabu zote amezimeza yeye.

Halafu umeandika neno moja limenisimamisha. Unasema anakwenda shule "bila hata kuniamsha." Nani kakuambia? Wewe ulikuwa umelala.

Twende taratibu. Huko ndotoni unaanika pamoja na mama yako, bega kwa bega. Mama yako hana haja ya kukuuliza kama umeanika, amekuona. Basi yule unayemjibu "nimeshaanika," mpaka Agnesi anasikia ng'ambo ya ukuta, ni mtu aliye nje ya ndoto, amesimama kitandani kwako, anakuuliza. Na shuka. Marehemu huja ndotoni, hilo silikatai, na mimi mama yangu huja. Ila sijawahi kumwona marehemu aliyelowesha shuka. Maji ya shukani ni ya ndoo, na yameletwa na mkono ulio hai, uliotoka kunawa uso sasa hivi. Ndani ya nyumba hiyo mko wangapi?

Mko wawili. Mmoja alilala na bibi yake tangu mdogo, akaamshwa kila siku kwa mkono wa maji kwenye unyayo, akajifunza kwamba hivyo ndivyo mtu anayependwa anavyoamshwa. Bibi amekufa. Mtoto anaona mama yake haamki, anachovya mkono kwenye ndoo, anakugusa unyayo, anakusemesha kama bibi alivyosema. Wewe unajikunja, unamwambia umeshaanika. Anasubiri kidogo, anachukua begi, anakwenda zake. Miezi mitatu, Dunia. Una miaka thelathini na mbili, unalala na mama yako. Yule wa miaka tisa amelala peke yake, na asubuhi anakuja kukutafuta.

Usijilaumu, hukujua ulichokuwa unafanya. Ila leo umejua, na kuanzia leo kisingizio kimekwisha.

Leo Anifa akirudi shule mkalishe, umuulize kama huwa anakuamsha. Usimuulize kwa sauti ya mahakama. Akikuambia ndiyo, mkumbatie, na machozi yakija yaache yaje, na yeye ayaone, kwa maana hata yeye amefiwa na sijui kama kuna aliyemwambia pole. Hiyo iwe ndiyo saa yenu ya mama, alasiri, mchana kweupe, kila siku. Simulianeni habari zake. Mwombeeni dua. Nendeni kaburini mkapalilie. Huzuni ukiilisha mchana, alfajiri haitakuja na njaa.

Kesho asubuhi nenda kwenye chanja. Najua hakuna dagaa, najua ni mbalamwezi na ufukwe ni mtupu, ndiyo maana nataka uende. Fagia chini yake, kaza wavu, kitambaa cha kona kikilegea kifunge upya. Mwambie mama yako hapohapo yote uliyotaka kumwambia, umesimama kwa miguu yako na macho yamefumbuliwa. Fanya hivyo siku zote zilizobaki, ili giza likiingia mwili uwe umeshaizoea njia. Usingizi nao ni deni la mwili: swala ya isha ikiisha, lala. Simu ilale chumba kingine, na sufuria irudi jikoni. Adhuhuri ukishageuza dagaa jilaze nusu saa. Na pita zahanati wapime damu yako, kwani uzito wa asubuhi wakati mwingine ni upungufu wa damu tu na dawa yake ni vidonge na matembele.

Kwa Mama Winfrida nenda kabla hajaja. Mweleze ulivyonieleza mimi. Mwanamke aliyekuja kwako na magamba mpaka viwikoni hakuja kukunyang'anya chanja, angetaka hivyo angemtuma binti wa Pastory aje na karai lake. Mwambie giza likiingia akupitie asubuhi tatu za mwanzo, akugongee. Hakuna aibu.

Unaniuliza utamwachaje mama yako ufukweni peke yake. Mwanangu, mama yako hakufundishi kulala. Kwenye ndoto yako mwenyewe, kazi ikiisha, anafanya nini? Anakugusa unyayo, anakuamkia. Kila siku amekuja kukuamsha, na kila siku wewe umemfanya kama amekuja kukulaza.

Mkono ule haukuzikwa. Aliurithi mjukuu wake, ila yeye ni mdogo mno kuubeba, umpokee. Kesho uamke kabla yake hata kama ni kwa kutambaa. Chovya mkono kwenye ndoo. Mguse Anifa unyayo, umwambie "Mwakeye," asikie kwamba kuna mtu mzima aliyeamka ndani ya nyumba hiyo.

Halafu mpe chai kabla hajaenda shule, na uitie sukari.

Mama Elinipa