Jiwe la Bibi

Pasiansi, Jumanne 12 Novemba 1996

Ati kaburi ni lile lenye saruji tu! Ndivyo kaka Masanja alivyomwambia mnunuzi wa kiwanja chetu. Basi wakahamishwa baba na mama tu, ambao makaburi yao yalijengewa. Wengine tuliwazika kwa desturi: juu ya kaburi, mwanamume tunampandia mti wa mnyaa, mwanamke tunamwekea jiwe lake la kusagia.

Leo nimepita pale, sasa ni kiwanda cha samaki. Minyaa imeng'olewa yote. Mlinzi ananoa panga juu ya jiwe la bibi.

"Shikamoo mama. Jiwe hili linanoa kweli!"

"Marahaba," nikajibu, nikapita.

Siku ya kuuza kiwanja, mnunuzi aliniuliza mimi mwenyewe kama kuna makaburi mengine. Nilinyamaza. Nilitaka fedha za mabati ya nyumba yangu.

Mvua inanyesha sasa. Hakuna panapovuja.