Bandeji ya Tumbo Lako

Baba Pacha,

Chai iko kwenye chupa. Kidonge cheupe meza baada ya kula. Usinyanyue ndoo, mshono ni wa juzi tu.

Asubuhi uliponibamiza ukutani ukitaka panga ukammalize kaka yako aliyekuchoma kisu tumboni, damu ilikutoka hadi ikanilowesha mikono. Mapacha wetu walikuwa wanatazama. Na bandeji tuliyopewa hospitali ulikuwa umeshaifunga kwenye mpini wa panga, eti usiteleze. Nimeifungua, nimeichemsha, inakauka dirishani.

Sitaki kulea watoto ambao baba mkubwa wao yuko kaburini na baba yao jela.

~~Sirudi.~~ Nitarudi saa kumi nikuoshe kidonda.

Panga nimelitumbukiza chooni. Ukilitaka sana, inama ulichukue, mume wangu, mshono ukikuruhusu.

Mama Pacha