Matoazi ya Upande wa Pili

Jumamosi, 8 Juni 2024
Fuad amerudisha sahani yangu ya santuri yenye jalada la mlima wa buluu, niliyonunua Mombasa mwaka wa 1976. Kila Jumamosi tunaazimana sahani moja moja za rok, kisha tunabishana. Leo anasema ile ngoma ndefu ya upande wa pili ni majivuno matupu. Mimi nasema ndiyo roho ya albamu. Tumecheka sana.

Alipoondoka nikaipiga. Matoazi hayapo! Ngoma ipo, gitaa lipo — ule mnyunyizo wa juu umefutika.

Jumapili, 9 Juni
Mahubiri yamenipita. Nilikuwa nawaza sahani. Maelezo ni rahisi: sauti nyembamba huchorwa kwa mikunjo midogo mno ndani ya mfereji wa sahani inamopita sindano. Sindano butu huisaga hiyo kwanza. Sauti nene hubaki. Basi sindano ya Fuad ni butu.

Nimempigia simu nikamwambia wazi. Akaapa kwamba sahani yangu huilaza kama mtoto mchanga. "Labda masikio yako ndiyo yamejaa chaki, Mwalimu!" Sikucheka. Nikasema sitamwazima tena. Akajibu: "Haya, Mwalimu."

Jumatano, 12 Juni
Sindano yangu mpya imefika kwa basi kutoka Nairobi. Hakuna tofauti. Nimejaribu sahani tatu ambazo Fuad hajawahi kuzigusa. Zote hivyo hivyo. Vumbi la Voi? Spika?

Ijumaa, 14 Juni
Mke wangu Priscilla ameniletea chai. "Baba Geoffrey, hebu zima hiyo tsi-tsi-tsi! Inanitoboa kichwa tangu asubuhi."

Tsi-tsi gani?

Akanitazama. "Si hiyo hapo! Kama mtu anakaanga samaki."

Alipotoka nikainama hadi sikio likagusa spika. Ngoma. Gitaa. Basi.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka niliandika ubaoni kwamba sikio la mzee hupoteza sauti nyembamba kwanza. Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao.

Sijamwambia Priscilla. Fuad nimemtafuta kwenye simu mara mbili, nikakata kabla haijalia.

Jumamosi, 15 Juni
Fuad amekuja! Amekumbatia ile sahani ya jalada jeusi — ambayo hajawahi kumwazima mtu, hata mimi, miaka yote hii. Hakukaa kwanza. Anasema ibaki hapa kwangu, badala ya ile aliyoniharibia. Amebadilisha sindano yake pia. Priscilla amemkaribisha chai.

Nami nimesema nafuata miwani chumbani. Miwani ninayo usoni.

Ananiita kutoka sebuleni. "Mwalimu! Njoo bwana, uniambie kama matoazi haya yanakutosha!"

Ameshaiweka. Naisikia ngoma.