Sauti Yako Inayoniita Eliya

Dada Debora,

Tangu tukuzike hakuna mtu anayeniita Eliya. Hapa nyumbani mimi ni Ndahani, jina la babu. Unakumbuka ilivyoanza. Nilisema mkono ulioshika jembe si wangu, na mawazo yananiingia kichwani bila hodi. Wazee wakasema babu anataka jina lake. Mbuzi akachinjwa, pombe ikamwagwa chini, nikapewa babu. Jamani! Mtu anawaambia hajijui yeye ni nani, nao wanamwongezea mtu mwingine. Walifanya kwa upendo, ndiyo maana siwezi hata kuwakasirikia vizuri. Siku hizi shangazi, na mvi zake zote, ananipa shikamoo. Naitikia, nifanyeje.

Wewe peke yako uligoma. "Babu alishakufa, huyu ni Eliya. Mgonjwa haulizwi uji, twende hospitali." Ukanipeleka mjini umenishika mkono, na ndevu zangu hizi. Njia nzima unaniuliza, "Mkono huu wa nani?" Nikajibu wangu, ili uninyamazie tu.

Chumba chako cha mjini, mtaa wa Kikuyu, wamepanga watu wengine. Nikienda kliniki sina pa kupitia kunywa chai. Naenda, narudi.

Sasa nikwambie, na usinigombeze. Niliacha dawa. Nilikuwa napalilia mizabibu nikasikia, "Eliya! We Eliya, umekula?" Ni wewe kabisa, na ukali wako. Nikageuka, hakuna mtu. Kesho yake ukaniita tena. Nikajua nikimeza dawa utanyamaza, na ukinyamaza nitabaki na nani? Nyumba imejaa watu, Debora, na wote wanaongea na babu.

Wiki iliyopita nikamwambia daktari, yule mama aliyekupenda. Hakunicheka. Alisema ubongo wa mtu, kabla hajasema neno hata moyoni, hujipa taarifa: hili ni langu. Kwangu taarifa hiyo haifiki sawasawa, basi neno langu mwenyewe nalisikia kama la mwingine. Nikamuuliza, kwa hiyo dada yangu haniiti? Akasema, "Anayekuita Eliya ni wewe mwenyewe, mwanangu. Hujajitambua tu."

Nililia palepale mbele yake. Nililia kwa sababu nimekupoteza mara ya pili, na pia kwa sababu kumbe nipo. Huko ndani kuna mtu anayelijua jina langu na kuniuliza kama nimekula.

Leo jioni naanza dawa upya. Ukinyamaza, usidhani nimekufukuza. Nakuahidi kila asubuhi nitajiita mwenyewe, kwa sauti, hata shangazi akisikia akashangaa, na nitaitika.

Kwaheri, dada yangu. Bado jua halijazama. Niite mara moja tu, kisha upumzike.

Mdogo wako,
Eliya