Dieudo, Mashini Inasema Haikujui

Dieudo, ndugu yangu,

Unajua mimi sipendi kuandika. Mimi ni mutu wa mudomo. Nilifika Kampala, Kisangani, hata Goma, na kila fasi nilisema tu, mulango ikafunguka. Lakini leo ni siku ya ine niko mbele ya mashini yako ya parokia, ile kompyuta, na nimeshindwa.

Nitakuambia kosa yangu bila kuzunguka. Siku ya kutosha matanga yako nilisimama katikati ya watu nikasema: jina ya Dieudo haitapotea hapa, mimi mwenyewe nitaiweka. Walinipigia mikono. Kesho yake nikaingia mu biro yako ya kazi. Ile mashini kubwa yenye uliita "fataki", sababu ya kijiji ya kwenu, nikaitosha ile jina, nikaandika "dieudo". Kama vile siye tunapatiaka mutoto jina ya marehemu. Nililia kidogo, nikafurahi sana.

Sasa kila kitu nikiiagiza, inatangulia kunijibu na kifaransa yake: haiwezi kupata dieudo, "nom ou service inconnu". Jina haijulikani. Weye nilikuzika na mikono yangu, Dieudo, na hii kitu inanirudilia ile neno asubuhi na mangaribi.

Nikakumbuka ile liste ulikuwa unafungua, jina pembeni ya namba, ukisema: "Papy, mashini haijui mutu. Inasoma tu liste." Nikaitafuta, nikaipata, nikaongeza jina yako. Mashini kubwa ikanyamaza. Niliimba, walisikia mpaka kwa masista. Kisha nikaenda kwa mashini ya sekreteri, kwenye karatasi zinatokea, yenye inaombaka majina kwa mashini kubwa: nom ou service inconnu. Ile bado haikujui. Siku moja ulinieleza sababu, naona bado mukono yako ikionyesha mashini moja, kisha ingine. Lakini mimi nilikuwa nakuhadisia bibi wa Kampala mwenye alinikimbiza na muiko. Ulicheka mpaka ukaacha kueleza.

Na Mama Charlotte iko inje, tangu jumatatu. Unamujua, wa Fataki kama weye. Walikimbia vita bila karatasi. Batizo ya binti yake Béatrice ilikuwa mu vile vitabu ulibeba kichwani siku ya kukimbia. Mvua ilishaviozesha, inabaki tu kile uliandika ndani ya mashini kubwa, jina kwa jina. Masomo inafunga kesho dosie ya ekzameni, karatasi za wenye watafanya mutihani. Bila karatasi ya parokia, Béatrice hatafanya. Nilimuambia mama: "Dakika tano, mimi ni fundi." Siku ya kwanza alisema aksanti. Leo anatandika tu kitenge ku baraza, anaikala.

Basi nitakutosha. Nikimaliza barua hii nitafuta "dieudo", nitarudisha "fataki", jina yenye ile ya sekreteri inajua, na mashini zitaonana tena. Nafikiri. Sina hakika ya kitu tena. Unisamehe. Watu wote walinisikia nikiahidi.

Na kama ikikataa, nitatoka ku baraza, nitaikala chini pembeni ya Mama Charlotte, nitamuambia: mama, sijui. Kisha nitaenda kuuliza mwenye anajua, mbele ya watu, na safari hii nitamuacha amalize kusema. Hiyo ndiyo naweza kukuahidi.

Pumuzika, ndugu yangu. Ninasimama sasa, mama ananiangalia.

Papy