Kushoto kwa Gatwiri

Jumanne, 9 Juni

Somo la michezo tena, darasa la nne. Upepo wa hapa Kiirua, vumbi hadi kwenye meno. Nimepanga mawe kiwanjani, watoto wayazunguke mbio bila kuyagusa. Wanaanza kuwa wepesi. Isipokuwa Gatwiri. Amejikwaa, akaanguka, goti likatoka damu. Wenzake wakacheka. Nami nikamkaripia aangalie anakokwenda.

"Naangalia, Mwalimu," akasema.

Sikuipenda sauti yangu.

Ijumaa, 12 Juni

Mwalimu mkuu ameniita. Anataka vipindi vya michezo viwe vya Hisabati. Kuruka hakutahiniwi, anasema. Nimebisha. Mtoto asiyeweza kudaka mpira, hata kalamu humsumbua. Ameniachia Ijumaa peke yake. Hasira.

Kipindi cha leo nimekitumia chote. Tumerushiana vifuko vya maharagwe nilivyoshona kwa sare kuukuu. Gatwiri anadaka vizuri kifuko kikitokea kulia. Kikitokea kushoto kinampiga sikioni. Wala hapepesi jicho.

Jumamosi, 13 Juni

Siwezi kutulia. Mtu hupepesa hata kabla hajafikiri. Kwa nini yeye asipepese? Nimeloweka nguo asubuhi, nikazisahau kwenye beseni. Nimetembea hadi sokoni na kurudi mikono mitupu.

Jumatatu, 15 Juni

Nimemwita Gatwiri wakati wa mapumziko. Nikamwambia afunike jicho la kulia kwa kiganja, anifuate. Hakusogea.

"Mwalimu, ni giza."

Nikamuuliza tangu lini. Akanishangaa.

"Kwani wengine huwa wanaona kwa yote mawili?"

Nimemtuma amwite mama yake.

Jumanne, 16 Juni

Mama Gatwiri amekuja, viatu vimejaa udongo wa shamba. Nilimweleza polepole. Akawaka.

"Unataka kuniambia mtoto wangu ni kipofu? Huyu ni mzembe tu! Kila siku anamwaga maziwa!"

Akamshika mkono, akaondoka naye kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Amesema nifundishe, udaktari niwaachie wenyewe.

Alhamisi, 18 Juni

Jana hakuja. Leo pia hakuja. Nimefundisha huku nikitazama dawati lake. Kama nimekosea, nimewatia aibu bure. Kama sijakosea, basi mtoto amekuwa akikaripiwa kwa kosa lisilo lake. Lipi baya zaidi? Najua lipi.

Baada ya masomo nimekwenda kwao. Mama Gatwiri alikuwa akichimba viazi, waru. Hakunisalimia. Nikangoja kando ya shamba. Kisha akasema, bado ameinama:

"Jana nilimjaribu na kijiko. Nilikipitisha hapa kando ya uso, karibu kimguse. Hakujua."

Akalichomeka jembe ardhini.

"Hiyo mikono yake nimeichapa mara ngapi, Mwalimu?"

Akaketi kwenye tuta akalia. Nikaokota waru, nikazitia kwenye gunia.

Jumatano, 24 Juni

Wamerudi kutoka hospitali ya Meru. Jicho la kushoto halitapona, limekufa zamani. La kulia ni zima kabisa. Mama Gatwiri alipita shuleni kunieleza. Ameuliza kama sasa nitamkataza mtoto kukimbia. Nimesema hapana. Nimesema haraka, bila kujua nitamfundishaje.

Jioni, watoto walipokwisha kwenda, nimejifunga leso jicho moja nikakimbia kuzunguka yale mawe. Nimeanguka vibaya. Kiganja kimechubuka. Nikarudia. Shingo ikigeuka kwanza, jiwe linaonekana. Mwili ukitangulia, umechelewa. Nimerudia hadi kichwa kikazunguka.

Ijumaa, 26 Juni

Upepo umetulia leo.

Darasa zima nimelifundisha hivyo hivyo, shingo kwanza, miguu baadaye. Sikutaja jina la mtu. Gatwiri amekimbia polepole kuliko wote. Amegonga jiwe, akayumba, akaendelea. Mmoja alicheka, wengine hapana.

Kisha mpira. Nikawaambia wasimame mstari mmoja wakinitazama. Gatwiri alikuwa katikati. Akatazama huku, akatazama kule, akatoka akaenda kusimama mwisho kabisa, upande wake wa kushoto. Wenzake wote sasa wako kuliani kwake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nikarusha mpira.