Swali Alilotuachia Raya Alipokwenda Haiti

Mpendwa dada Zena,

Shikamoo, ingawa najua huitikii tena. Tangu uondoke mambo yangu yamekuwa makubwa. Uwanja wa Wembley sasa hauchezwi mpira mpaka mimi nitoe idhini. Wachezaji wamekwisha kuvaa, refa filimbi iko mdomoni, na wote wanangoja Haji aseme geti lake liko sawa. Waziri mmoja alinishika mkono akaniambia, "Haji, nchi hii ingekuwa na watu watano kama wewe, tungelala milango wazi."

Najua ungesema nini. Ungecheka kwa pua, useme, "Hapo umemwaga gunia zima la chumvi. Haya, sasa nipe ile ya kuchemsha tu, bila chumvi." Kila Ijumaa nilikuwa navuka London nzima, kutoka Wembley mpaka kwako Barking, nije nikudanganye. Wewe umetoka kazini, kule kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mgongo unakuuma, umejilaza kwenye kochi. Nikianza habari ya nyangumi niliyempiga ngumi, au ya yule tajiri wa Ugiriki aliyetaka kuniozesha binti yake, unafumba macho. Nikidhani umelala, nanyamaza. Unasema, "Endelea, nyangumi akafanyaje?" Dada, hakuna mtu aliyenisikiliza vile, kabla yako wala baada yako. Watu wengine wananicheka. Wewe ulikuwa unapumzika.

Basi nikupe habari za mwanao. Raya ni mkunga sasa. Watoto wa Kizungu, wa Kihindi, wa Kisomali, wote wanakuja duniani wakikutana na mikono yake kwanza. Mimi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kama zamani, ila akiwa na jambo zito ndipo Kiswahili kinamtoka, tena kile chako cha Unguja, mpaka nageuka kutazama nani kaingia.

Jioni moja aliniambia kwa Kiswahili, "Mjomba, shirika letu linanipeleka Haiti. Miezi mitatu."

Nikamwambia Haiti naijua kama kiganja changu. Niliwahi kutia nanga kule wakati wa ubaharia wangu, nikala chakula na gavana. Hapo sikuwa naongopa kwa raha, dada. Nilikuwa naongopa kwa hofu. Kwenye televisheni nilikuwa nimeona barabara zao zimezibwa kwa matairi yanayowaka, magenge yana bunduki nyingi kuliko polisi, watu wanatekwa wakienda sokoni. Nikamwambia, "Kina mama wanazaa hapa Wembley pia. Kwani hapa wamegoma?"

"Hapa wana wakunga, Mjomba. Kule wengine wanazaa barabarani kwa sababu hawawezi kufika hospitali."

Nikamwambia, "Mama yako asingekubali." Wote wawili tulijua kwamba ungelia, halafu ungemfungia sanduku.

Kumbe ofisi yao ina utaratibu. Kila anayekwenda lazima aache swali moja ambalo jibu lake anajua yeye na mtu mmoja wa kwao. Akipotea, halafu mtu akapiga simu kusema yuko naye, au yeye mwenyewe akapiga kwa simu ngeni, wanamuuliza. Kisha wanampigia yule wa kwao. Majibu yakilingana, ndipo wanajua ni yeye na wanatuma watu wamtoe.

"Huyo wa kwetu ni wewe," akasema.

Nikafurahi! Nikampa maswali hapohapo. Yule nyangumi. Akasema, "Nyangumi anajulikana mpaka Kingsbury." Chui aliyenikimbia. "Mwaka jana alikuwa simba." Gavana wa Haiti. "Mjomba, huyo umemzaa leo, mimi nipo." Kisha akasema polepole, "Nataka kitu ambacho hujawahi kukisimulia. Nimeshachagua. Ile siku tuliyorudi kutoka hospitali. Miguu yako."

Tangu siku ile, mimi na yeye hatukuwahi kulitaja jambo hilo.

Barua hii naiandika wazi, isomwe na watu wetu wa Barking na Wembley, kwa sababu wengi wao walinisikia matangani nikieleza siku uliyofariki. Nilisema daktari mkuu alinisindikiza mwenyewe kwa gari lake. Nilisema nilikuwa nimevaa suti nyeusi na viatu vya ngozi vya Italia, nimesimama imara, nikawa natuliza manesi. Basi.

Raya akaenda. Wiki za mwanzo aliandika kila siku. "Leo mapacha, Mjomba." "Leo mmoja kapewa jina langu." Kisha barabara ya kutoka mji mkuu ikafungwa, na simu yake ikafa. Ofisi wakasema wafanyakazi wametawanyika, wanawatafuta mmoja mmoja. Siku zikapita. Nilikwenda kazini nikifungua geti bila kujua timu gani zinacheza. Nikipika, naweka sahani mbili, halafu narudisha moja kabatini.

Jumapili mchana wakaja Makame na Jayanti kukaa nami. Makame ni yule Mpemba wa mtaa wa pili, mdomo mchafu roho safi. Jayanti ni mwenye duka Kingsbury, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinaniacha nyuma. Wakatoa karata ili nisitazame televisheni. Simu ikalia. Simu yangu hii ukitia sikioni haisikiki, mpaka uwashe spika. Chumba kizima kinasikia.

Alikuwa mwanamke wa ofisini. Akasema kuna mtu amepiga kwa simu ya kuazima, laini inakatikakatika, anasema ni Raya. Nafasi moja ipo kwenye helikopta, inaondoka hivi karibuni. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Mheshimiwa, siku dada yako alipofariki, ulirudi nyumbani umevaa nini miguuni?"

Makame na Jayanti wananitazama. Na ulimi wangu, dada, ulimi huu niliouzoesha mwenyewe, ukajibu wenyewe: "Viatu vya ngozi. Vya Italia."

Yule mwanamke akasema, "Una hakika? Hilo silo tulilopewa."

Nikapiga kelele, "Ngoja! Ngoja mama, usikate! Ndara! Nilivaa ndara za dada yangu, za rangi ya waridi, zina ua la plastiki juu!"

"Asante," akasema. "Ni yeye." Akakata.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekesha kwenye kiti kando ya kitanda chako, nimevua viatu. Ulipokata roho nikasimama, nikatia miguu kwenye kile kilichokuwapo chini. Sikuwa na suti. Hakukuwa na gari la daktari. Tulipanda treni Barking, tukabadilisha njiani, mimi na mtoto wa miaka kumi na sita aliyefiwa na mama. Watu wakitazama chini, nadhani wananihurumia. Raya aliona tangu mlangoni mwa hospitali, hakusema. Alinishika mkono mpaka Wembley, na pale kwenye ngazi za stesheni ndara ikanichomoka, ndipo nami nikaona. Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Yeye akaiokota, akapiga magoti, akanivisha.

Pale sebuleni hakuna aliyecheka. Jayanti alikuwa anakusanya karata, ingawa mchezo ulikuwa haujaisha. Makame akakohoa, akauliza, "Dada yako alikuwa anavaa namba ngapi?"

"Tano."

"Na wewe?"

"Tisa."

"Yaani kisigino chote nje, mpaka Wembley?"

"Chote."

"Masikini Haji," akasema, akanikumbatia, na yeye hajawahi kumkumbatia hata mkewe mbele za watu.

Raya amerudi. Amelala kwenye kochi sasa hivi, blanketi mpaka kidevuni. Amekonda, na mlango wa jirani ukigongwa anashtuka. Hasemi aliyoyaona. Ameniambia kitu kimoja tu, kwamba yule mama wa simu alimwacha kwenye laini akaja kuniuliza mimi, akarudi akasema, "Mjomba wako amejibu mara mbili." Raya akasema, "Nilijua umeanza na vile vya Italia." Nikasema laini ilikuwa mbovu. Akasema, "Mm." Ule "mm" wako hasa. Na akipata nguvu anataka kurudi kule. Nimemwambia nitamfungia sanduku.

Nimekukosa, dada. Nyumba ina mtoto wako, ina uzima, alhamdulillahi, na bado Ijumaa ikifika sijui pa kwenda na maneno yangu. Pumzika. Mungu akulaze pema, akupanulie ulipo.

Jana Raya aliniuliza zile ndara zilikwenda wapi. Nikamwambia nilizitoa sadaka pamoja na nguo zako. Uongo. Ninazivaa ndani kila siku akishalala. Ua la kushoto liling'oka, nikaligandisha kwa gundi, na hivi ninavyokuandikia ziko miguuni.

Mdogo wako,
Haji